Harnesi nyepesi ya kugeuza: ipi inalifaa bonde la Kerio

Wenye haraka niwape jibu mapema. Kama unaruka kwa paraglaida, lile bawa la kitambaa lisilo na injini, kutoka Iten ukingoni mwa bonde la Kerio, Kenya, na kurudi nyumbani kwa matatu, harnesi ya kugeuza, yaani kiti kinachopinduliwa kikawa begi, ndiyo yako, ila usikimbilie iliyo nyepesi kuliko zote. Tafuta ya kilo tatu hivi, yenye kinga ya mgongo iliyo tayari kabla miguu haijaacha ardhi. Zile za chini ya kilo mbili waachie wanaopanda milima ya Alps kwa miguu. Wao wana sababu, sisi hatuna.

Sasa kwa wenye muda.

Harnesi ni kiti anachokalia rubani wa paraglaida. Kinaning'inia kwenye kamba za bawa kwa karabina mbili (pete za metali zenye mlango wa kufunga), kina mikanda ya miguu na kifua, kinabeba parachuti ya akiba, na mgongoni kina kinga ya kupunguza kishindo ukianguka. Harnesi ya kawaida, ile wanayofundishia shule nyingi, ina ubao wa kukalia na sponji nene. Yenyewe tu hufika kilo tano au sita, na bado unahitaji begi kubwa la kuibebea pamoja na bawa. Ya kugeuza haina begi la pembeni. Ukishatua unaipindua ndani nje kama soksi: mikanda ya mabegani inatokea, kile kilichokuwa ganda la mgongo kinakuwa begi, bawa linaingia, unavuta zipu na kuondoka.

Karibu kila kiwanda kinachojulikana kina ya kwake. Advance wa Uswisi wana Easiness, Supair wa Ufaransa wana Altirando, Woody Valley wa Italia wana Wani, Gin wa Korea Kusini wana Yeti Convertible. Matoleo hubadilika, mara namba mpya, mara rangi mpya, kwa hiyo sitakuchagulia chapa. Na hii ninayorukia mimi siitaji jina, maana kuna mahali nitaisema vibaya na sitaki ugomvi na mtu. Ni saizi ya kati, ina kilo tatu na ushee bila parachuti, nami nina kilo 84 nikishakula.

Kwa nini nasema uzito si hoja kubwa kwetu? Angalia ramani. Aliyebuni harnesi hizi alikuwa anamfikiria mtu anayepanda mlima saa tatu kwa miguu halafu anaruka kushuka. Kwake kila gramu mia ni jasho. Ukingo wa Iten uko kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, barabara ya lami inapita hapo hapo, na ukifika Kerio View unashuka kwenye gari na kutembea hatua chache tu. Kupanda tumeshapandishwa. Kazi yetu iko chini. Unaruka, ukibahatika unapata hewa ya joto inayokunyanyua, unazunguka nayo, unafuata ukingo kuelekea kaskazini, kisha hewa inakwisha na unajikuta umetua kwenye sakafu ya bonde, zaidi ya mita elfu moja chini ya ulikotoka. Jua linachoma, migunga kila upande, maji yamebaki nusu chupa. Hapo unatafuta barabara, na ukiipata unatafuta boda boda au matatu ya kukurudisha juu kupitia Tambach.

Na kwenye boda boda kinachokutesa ni ukubwa wa mzigo. Na lile begi langu la zamani la kilo kumi na nane, dereva alikuwa analiangalia kwanza kabla hajaniangalia mimi. "Boss, hiyo ni hema ama ni nini?" Halafu bei inapanda, au anasema tumwite mwenzake abebe mzigo peke yake. Kwenye matatu ni hivyo hivyo: kondakta anataka ulipie kiti cha begi. Sasa vyote, yaani bawa, harnesi, parachuti, helmeti na koti, vinaingia kwenye kitu cha lita 70 hivi chenye kilo kumi na moja. Nakipakata mapajani na hakuna anayeuliza. Kwangu hiyo peke yake imelipa nusu ya bei ya harnesi.

Lakini uzito unaopungua lazima uwe umetolewa mahali fulani, na mnunuzi makini anauliza umetolewa wapi. Kwanza ubao. Harnesi nyingi za kugeuza hazina ubao wa kukalia. Unakaa kwenye kitambaa kama machela, au kila paja linabebwa na kipande chake. Watu wanasema utazoea. Ni kweli kwa safari ya nusu saa. Ukikaa hewani saa mbili, mshono wa ukingo wa kiti ukiwa umepita chini ya paja mahali pabaya, mguu unaanza kufa ganzi na akili yako yote inahamia kwenye goti badala ya hewa. Kukata kona hewani kwa kuhamisha uzito wa makalio nako kunakuwa laini kidogo, huwi na ule mwitikio wa haraka wa ubao. Mimi hilo halinisumbui. Mwenzangu mmoja amekatakata kipande cha plastiki ngumu akakiweka chini ya kitambaa. Sipendekezi. Harnesi imepimwa bila hicho kipande.

Pili, na hili ndilo ningekuomba ulipime kabla ya mengine yote: je, unaweza kuingia kitini bila mikono? Ukiwa unakimbia kuruka umesimama, mikanda ya miguu imekushika, kiti kiko nyuma ya mapaja. Ukishaacha ardhi inabidi ukae. Kwenye harnesi yenye ubao unainua magoti tu, ubao unakuja wenyewe. Kwenye nyepesi kitambaa kinajikunja nyuma yako, na wengi wanaachia vishikio vya breki, ambavyo ndivyo vya kuongozea bawa, wakisukuma kiti kwa mikono. Sasa pale Iten unapofanya hivyo uko wapi? Uko mita chache mbele ya ukingo wa mawe, kwenye hewa inayopanda kwa nguvu, na bawa lako halina mtu. Huko Ulaya kwenye mteremko wa majani huenda ukasamehewa. Hapa sijui nani atakusamehe.

Kwa hiyo itundike. Mimi nilitundika kwenye boriti ya karakana kwa karabina zake mbili, nikavaa kila kitu ninachorukia nacho, buti na koti pia, nikasimama juu ya kreti ya soda, nikaiacha. Mikono juu, kama nimeshika breki. Nainua magoti, nakaa au sikai? Nikashusha mkanda wa mapaja sentimita mbili, nikajaribu tena. Kuna pembe moja tu ya mgongo ambapo kiti kinakuja chenyewe, na ukishaipata tia alama ya kalamu kwenye mikanda yote. Mikanda ya harnesi nyepesi ni myembamba na baadhi ya vifungo vyake huteleza ukibeba begi barabarani, kwa hiyo ile alama utaihitaji kila asubuhi.

Ukiwa bado unaning'inia, funga macho utafute mpini wa parachuti ya akiba. Mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Kwenye nyingi mpini uko ubavuni kulia chini ya kiti. Nyingine hazina nafasi ya parachuti kabisa na unafunga kifuko cha mbele, tumboni. Mimi napenda cha mbele, kwa sababu nakiona, na mikono yote miwili inakifikia. Ubaya wake ni kwamba unakuwa na kitu kimoja zaidi cha kufunga kabla ya kuruka, na kinakuzibia kuona miguu na ile mikanda ya mapaja, ambayo ndiyo hasa unatakiwa kuiona. Kusahau mikanda ya miguu kumewaua marubani wenye uzoefu mkubwa. Siku hizi harnesi nyingi zina mpango ambao kifua hakifungiki mpaka miguu ifungwe, kila kitu kikiishia kwenye kifungo kimoja. Kama unayoitaka haina mpango huo, hata iwe nyepesi kama karatasi, irudishe dukani.

Tatu, kinga ya mgongo. Hapa wauzaji husema sana, tuwapunguzie. Kuna aina tatu. Kuna sponji: iko hapo wakati wote, haina cha kuharibika, ila ni nene na begi linakuwa kubwa. Kuna mfuko wa upepo: ganda la kitambaa lenye mdomo, hewa inaingia ukiwa unasonga mbele na mfuko unavimba. Na kuna ya kupuliza, kama godoro la kambini, unaijaza kabla ya kuruka na kuifunga kizibo.

Mfuko wa upepo ndio unaopatikana zaidi kwenye harnesi za kugeuza, kwa sababu ganda lile lile ndilo linalogeuka kuwa begi. Ni akili nzuri sana, na mimi fundi wa mashine ninaiheshimu. Ila elewa unavyofanya kazi. Ukiwa umesimama ukingoni, mfuko umelala bapa. Unajaa ukishapata mwendo, na sekunde unazouhitaji zaidi, zile za mwanzo bawa linapokuyumbisha na kukurudisha kwenye mteremko, huenda bado uko nusu. Viwanda vinavyojali vinaweka utepe mgumu au kipande cha sponji ndani ili mfuko usimame wazi kabla hata hujatembea. Ukiwa dukani fungua zipu, tia mkono ndani. Ukikuta kitambaa kitupu, jua. Ukikuta kitu kinachosukuma ganda litanuke, hiyo gramu mia mbili ya ziada ni gramu nzuri kuliko zote kwenye harnesi nzima.

Ile ya kupuliza ina kisa chake ambacho sijaona kikiandikwa kwa ajili yetu. Unaijaza juu, mita 2,400, ambako hewa ni nyepesi. Unatua chini, mita 1,100 au 1,200, ambako hewa ni nzito zaidi na inaubana mfuko. Hata ukihesabu joto la bondeni linaloivimbisha kidogo hewa iliyo ndani, ujazo unapungua kama asilimia kumi. Uliuacha umekaza ngoma, unafika nao umelegea, na ni wakati wa kutua. Basi ujaze kadiri kiwanda kinavyoruhusu, usiuache laini eti ukae vizuri. Mwiba ukipita, umeisha. Na bondeni Kerio miiba haina likizo.

Ukisoma lebo, tafuta vitu viwili. EN 1651 ni kipimo cha Ulaya cha uimara wa harnesi, yaani mikanda na mishono. LTF ni cha Ujerumani (kwenye lebo nyingi utakuta toleo la 91/09), na humo kinga ya mgongo inadondoshwa na kishindo kupimwa; kwa 91/09 kisizidi g 50, yaani mara hamsini ya mvuto wa dunia. Nyepesi kupita kiasi nyingi zina cha kwanza tu, kwa sababu hazina kinga kabisa, ni mikanda mitupu. Si kosa la kiwanda, wameandika wazi. Kosa ni la muuzaji anayekwambia "imepitishwa" bila kusema imepitishwa nini.

Twende kwenye kugeuza kwenyewe, maana ndiko kunakoleta maneno. Fikiria kidogo: upande ambao hewani uko nje ndio ambao barabarani unakuwa ndani. Ule ulioketi kwenye vumbi ukisubiri upepo, ukaburuzwa ulipotua, ukapita juu ya mavi ya mbuzi na vishada vya majani yanayonata, unageuzwa ndani na kukumbatia bawa lako la laki kadhaa. Bawa lina mfuko wake wa ndani, sawa, lakini mwiba mmoja wa mgunga haujui mfuko. Kwa hiyo kabla ya kugeuza napiga magoti, nakung'uta, napitisha kiganja polepole kwenye ganda lote, hasa kwenye kona za chini na pembezoni mwa zipu. Dakika tano. Watoto waliokuja kuangalia wanasaidia, tena kwa macho makali kuliko yangu: mmoja alinitolea mwiba urefu wa kidole uliokuwa umezama mpaka kichwa kwenye mshono, akaniuliza kama anaweza kubaki nao.

Parachuti ya akiba, kama inakaa ndani ya harnesi, inageuzwa pamoja nayo. Kitambaa kinavutwa huku na huku, na zile pini za njano zinazofunga mlango wa parachuti zinaweza kusogea. Basi kila ukigeuza kurudi kiti, kitu cha kwanza kabla ya karabina ni pini. Ziko ndani mpaka mwisho? Mpini umekaa mahali pake? Sio kila wiki, ni kila mara. Hili limo kwenye vitabu vya maelezo na watu hawalisomi.

Na zipu. Hapa ndipo ninapoisema yangu. Zipu kuu ni nyembamba ya plastiki, ya kupunguza uzito, na vumbi jekundu la Kerio lilipoingia ilianza kukataa pale pale kwenye kona, ile kona ambayo begi likijaa inabeba nguvu zote. Naisafisha kwa mswaki mkavu, napaka nta ya mshumaa, inakubali siku kadhaa, inakataa tena. Harnesi ya bei hiyo haikustahili zipu hiyo. Ukinunua, chagua yenye zipu ya meno makubwa, na mikanda miwili ya kubana kwa nje ili mzigo usivutwe na zipu. Ikifa kabisa, fundi cherehani yeyote mzuri pale Eldoret atakubadilishia, na mfuko uliochanika pia atashona. Ila asiguse mkanda unaobeba uzito wako wala mshono ulioushika, hata akisema ameshona mahema ya jeshi. Huo unarudi kiwandani au kwa warsha yenye kibali.

Mengine kwa ufupi. Mfuko wa nyuma ni mdogo, maana ganda la hewa limechukua nafasi. Lita mbili za maji, sweta na chaja, umejaa. Karabina niliacha za alumini za kawaida badala ya vile vifungo laini vya Dyneema. Unaokoa gramu mia na ushee lakini ni kamba, inalika na jua, na kuipitisha vibaya ni rahisi. Kapi za pedali ya kasi, ile unayoisukuma kwa miguu bawa liende mbio, kwenye nyepesi mara nyingi ni vipete tu visivyo na roda, kwa hiyo kusukuma pedali ni kugumu na kamba inasuguka. Yangu ina kapi halisi na nashukuru. Mkanda wa kifua ukae kwenye upana aliosema mtengenezaji wa bawa lako, usiubane eti utulie.

Kubebeka mgongoni je? Vizuri, si vizuri sana. Mkanda wa kiuno ni mwembamba, na sponji ya mgongo ni ya kiasi cha kutembea saa moja. Kutoka ulikotua mpaka barabarani inatosha. Mwenye nia ya kupanda nayo Kilimanjaro atafute nyingine, au abebe harnesi ya mikanda mitupu ndani ya begi la mlima.

Bei. Mpya huko Ulaya ni euro 600 hadi 900 kulingana na chapa, kabla ya usafiri na ushuru, na bila parachuti. Ndiyo, ni hela. Njia nyingine ni msimu: kati ya Desemba na Machi wageni wengi huja kurukia Iten, na wengi wana za kugeuza kwa sababu ya ndege. Ukimwona mtu anafungua yake, msalimie, mwombe uikalie kabla hujanunua ya kwako. Wengi hawakatai. Wengine siku ya mwisho wanataka hata kuiuza, na bei ni ya kuongea.

Ukifika hapo, usianze na rangi. Ipindue mara mbili uone kama inakubali. Vuta mishono ya karabina uiangalie kwenye mwanga: rangi ya mkanda ikiwa imepauka upande mmoja, imekaa juani sana. Uliza parachuti ilikunjwa lini na na nani, uone kadi yake. Mwisho tafuta lebo ya kiwanda, mara nyingi iko ndani ya mfuko wa nyuma au chini ya kiti, yenye saizi, mwaka na uzito wa juu unaoruhusiwa. Ukikuta imekatwa, mshukuru kwa kukuonyesha, mrudishie harnesi yake.